Kanuni Zilizolala Chini ya Udongo wa Kilwa



Hebu tuwafikirie watu wawili wanaochimba mahali pamoja, pale Kilwa Kisiwani. Wa kwanza kaja usiku, na jembe na tochi. Kaambiwa kuna mali iliyofukiwa, ya Waajemi, au ya Wareno, au ya Wajerumani, maana kila msimuliaji ana wake wa kumtaja. Anachimba kwa pupa, anapata sarafu tatu za shaba na kipande cha bakuli la kijani, anatia mfukoni, anaondoka. Wa pili kaja mchana, na kibali cha serikali, na mwiko, brashi, kamba, futi na daftari. Anakwangua udongo kidogo kidogo. Naye anapata sarafu tatu za shaba na kipande cha bakuli la kijani. Vitu ni vile vile, udongo ni ule ule. Lakini huyu wa pili anaondoka na habari za mji, na yule wa kwanza kaondoka na vipande vya shaba, tena nyuma yake kaacha shimo ambalo hata mtaalamu akija kesho halitamwambia kitu.

Tofauti yao ni nini? Vifaa vinasaidia, lakini si vifaa. Cheti cha chuo kinasaidia, lakini si cheti. Yule wa pili, kabla hajagusa udongo, kuna mambo machache ameyakubali, na ameyakubali yamfunge mikono. Amekubali kwamba hana ruhusa ya kuchanganya udongo wa juu na wa chini. Amekubali kwamba kitu kikishang'olewa mahali pake bila kuandikwa, ushahidi wake umekwisha hata kama chenyewe kingali kizima. Mambo hayo machache ndiyo kanuni za msingi, na ndiyo ninayotaka tuyazungumze leo, kwa sababu naona tunapoieleza sayansi kwa vijana wetu tunawapa matokeo na kuwanyima misingi. Mtoto wa Lindi anajua kwamba mifupa mikubwa ya dinosaria ilitoka mkoani kwake ikapelekwa Ujerumani. Muulize watu walijuaje kwamba ina umri wa miaka milioni 150, naye atanyamaza. Si kosa lake, hakuambiwa.

Tuanze basi na kanuni iliyo kongwe kuliko zote katika habari hii. Mwaka 1669, mtu wa Denmark aitwaye Niels Stensen, ambaye vitabu vingi humtaja kama Steno, alichapisha kitabu kidogo mjini Florence. Humo alisema mambo ambayo ukiyasikia mara ya kwanza utauliza: hayo nani asiyeyajua? Kwamba mchanga na matope hutua tabaka kwa tabaka, na tabaka la chini ni la zamani kuliko la juu yake. Kwamba tabaka lilipotua lilikuwa limelala sawasawa, kwa hiyo ukilikuta limeinama, jua kuna kilichoinamisha ardhi baadaye. Kwamba kinachokata tabaka kimekuja baada ya tabaka lenyewe.

Kuyakubali hayo ni rahisi. Kuyatii ndiko kazi ilipo. Fikiri juu ya Kilwa, mji ulioishi miaka mia nyingi. Watu wamechimba visima, wamechimba vyoo, wamezika wafu wao katika ardhi yenye sakafu za babu zao. Wamebomoa nyumba kuukuu ili wapate mawe ya kujengea mpya. Kaa wamefukua, mizizi imepenya. Kigae cha kale kinaweza kabisa kukutwa juu, na kitu cha juzi kikakutwa chini. Anayeishika kanuni ya Steno juu juu atadanganyika siku ya kwanza. Anayeijua sawasawa atatafuta ukingo wa shimo lililokata sakafu, ataona rangi ya udongo imebadilika kwa upana wa kiganja, na atasema: hapa pamekatwa, vilivyomo humu tuviandike mbali. Kanuni haikumpa jibu. Ilimpa swali la kuuliza kila anapotia mwiko.

Sasa tuelekee kusini. Kilima cha Tendaguru kiko kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi, kadiri ya kilomita 60. Mwaka 1906, Mjerumani aitwaye Bernhard Wilhelm Sattler, mhandisi wa kampuni iliyokuwa ikitafuta madini, aliikuta hapo mifupa mikubwa iliyogeuka jiwe. Mwaka uliofuata akaja mtaalamu Eberhard Fraas kuitazama. Na kuanzia mwaka 1909 hadi 1913, makumbusho ya Berlin yakafanya uchimbaji ambao hadi leo unahesabiwa miongoni mwa mikubwa kabisa ya aina yake duniani, ukiongozwa na Werner Janensch na Edwin Hennig, na baadaye Hans Reck. Zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe zilitoka pale. Wapagazi walizibeba vichwani na mabegani, safari ya siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Naomba tusilipite hili haraka. Vita vya Majimaji vilikuwa vimekwisha juzi tu, mwaka 1907, na njaa ilikuwa imeifyeka nchi hiyo. Waliochimba na kubeba walikuwa watu waliotoka katika msiba huo.

Kati yao alikuwepo Boheti bin Amrani, msimamizi wa kazi, aliyejifunza kuitambua mifupa, kuifukua bila kuivunja na kuifunga kwa safari. Mwaka 2007 mmoja wa dinosaria wa Tendaguru alipewa jina la kisayansi Australodocus bohetii, kwa kumkumbuka yeye. Karibu miaka mia moja ilipita kabla ya hapo. Ningependa jina hilo lijulikane katika kila shule ya mkoa wa Lindi.

Lakini nirudi kwenye swali langu. Walijuaje umri? Mifupa yenyewe haikuweza kusema, kwa kuwa wanyama wengi wa Tendaguru walikuwa wageni kwa sayansi, na hapakuwa na mfano wa kuwalinganisha nao. Jibu lilitoka kwenye makombe. Ardhi ya Tendaguru ina tabaka tatu zenye mifupa ya dinosaria, na tabaka hizo zimetenganishwa na nyingine zenye mchanga wa bahari. Maana yake, ufuo ulisogea na kurudi: mara nchi kavu na wanyama wake, mara maji ya chumvi, mara nchi kavu tena. Na katika ule mchanga wa bahari mlikuwa na kombe za jamii ya Trigonia na viumbe vya gamba la mviringo waitwao amonaiti. Hao walikuwa wakijulikana tayari kutoka Ulaya, na wengine kutoka Kachchh, kule pwani ya India.

Hapo ikafanya kazi kanuni ya pili. Mwingereza William Smith, mpima ardhi aliyekuwa akisimamia uchimbaji wa mifereji, alitambua kwamba kila tabaka lina visukuku vyake, na kwamba visukuku vile vile hufuatana kwa mpangilio ule ule hata ukisafiri mbali. Mwaka 1815 alichapisha ramani ya miamba ya Uingereza iliyochorwa kwa msingi huo. Ukiamini kanuni ya Smith, kombe la Lindi na kombe la Kachchh yanaweza kushuhudiana kuvuka bahari. Tabaka la mifupa lililobanwa kati ya makombe mawili lazima liwe na umri ulio kati ya umri wa hayo mawili. Idadi ya miaka, zile milioni 150, ilikuja baadaye kutoka kwa wanafizikia na mawe yao yenye mionzi. Mpangilio ulikuwepo kwanza. Na ndiyo maana nasema yule mnyama anayesimama leo katika ukumbi wa Berlin, mwenye urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu, ana mdhamini mdogo asiyetazamwa na mgeni yeyote: kombe la ufuoni.

Kuna kanuni ya tatu, na hii nayo ina ushahidi wake hapa hapa kwetu. Inasema kwamba nguvu zinazofanya kazi leo ndizo zilizofanya kazi zamani. Mskoti James Hutton aliisimamia mwishoni mwa karne ya 18. Mvua iliyomomonyoa mlima jana ni mvua ile ile ya kale. Mawimbi ni yale yale. Mwaka 2002 na miaka iliyofuata, watafiti wakiongozwa na Paul Pearson, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Cardiff, walitoboa ardhi ya Kilwa na Lindi kwa mashine, wakitoa nguzo za matope magumu yaliyotua katika sakafu ya bahari. Katika matope hayo mna magamba ya viumbe vidogo mno waitwao foraminifera, na kwa sababu udongo wa huko ni mfinyanzi usiopitisha maji, magamba yamehifadhika vizuri ajabu, yanang'aa kama kioo. Leo hii tunajua jinsi kiumbe wa aina hiyo anavyoingiza madini ya boroni katika gamba lake kufuatana na ukali wa maji ya bahari, na ukali huo unakwenda na kiasi cha hewa ukaa iliyoko angani. Basi mwaka 2009, kutokana na matope ya pwani yetu, ikachapishwa katika jarida la Nature hesabu ya hewa ukaa ya kadiri ya miaka milioni 34 iliyopita, wakati barafu kubwa ilipoanza kutanda Antaktika. Bila kuamini kwamba kiumbe wa zamani alijenga gamba lake kwa sheria ile ile ya leo, matope yale ni matope tu.

Tuvuke sasa tuingie Kilwa Kisiwani, kwa watu na nyumba zao.

Mwaka 1955 alipita pwani ya Tanganyika mwanaakiolojia mashuhuri Mortimer Wheeler. Huyu ndiye aliyekuwa akiwapigia kelele wenzake duniani kote kwamba kuchimba bila kusoma tabaka ni uharibifu. Alishangazwa na wingi wa vigae vya kaure ya Kichina vilivyotapakaa kati ya Dar es Salaam na Kilwa, akaona kwamba historia ya nchi hii katika Zama za Kati inaweza kusomwa kwa vigae hivyo. Angalieni alichofanya. Kanuni ya William Smith imehama kutoka kwenye makombe kwenda kwenye mabakuli. Kaure ya kijani ya China ina mitindo inayojulikana ilitengenezwa lini, na vivyo hivyo vyombo vya Uajemi vyenye mapambo ya kukwaruza. Kigae kimoja chini ya sakafu ya Kilwa kinasema: sakafu hii haikuwekwa kabla yangu. Hakisemi zaidi ya hapo. Bakuli zuri linaweza kurithiwa, likavunjika mikononi mwa mjukuu.

Kazi kubwa ya Kilwa ikafanywa na Neville Chittick, aliyekuja Tanganyika mwaka 1957 kusimamia mambo ya kale. Alichimba Kilwa hadi mwaka 1965, na mwaka 1974 akatoa vitabu viwili vinene juu ya mji huo. Aliugawa uhai wa Kilwa katika vipindi kwa kufuata tabaka, na mgawanyo huo bado ni mahali ambapo kila mtafiti wa Kilwa huanzia.

Chittick alikuja na kanuni alizoziandika, na alikuja na nyingine ambayo hakuiandika, kwa sababu wakati ule karibu kila msomi wa Ulaya aliibeba bila kuhisi uzito wake. Ilikuwa hivi: mji wa mawe pwani ya Afrika Mashariki ni kazi ya wageni. Waarabu au Waajemi walikuja, wakajenga, na wenyeji wakapokea. Tarihi ya Kilwa ilionekana kuwaunga mkono. Tarihi hiyo tunayo kwa njia mbili, moja katika Kireno ndani ya kitabu cha João de Barros cha mwaka 1552, nyingine katika Kiarabu, kwa nakala ya karne ya 19 iliyopo London. Inasimulia habari za Ali bin al-Hasan, mtoto wa sultani wa Shiraz, aliyekuja na merikebu na kukinunua kisiwa kwa nguo zilizotosha kukizunguka. Ni kisa kizuri, na kila mtoto wa Kilwa amekisikia.

Niseme wazi ninavyoona. Wazo la mjenzi mgeni halikuwa kanuni. Lilikuwa dhana iliyovaa nguo za kanuni. Kanuni ya Steno inaweza kushindwa na udongo: ukikuta sarafu ya Kireno chini ya sakafu ya karne ya 11, na hakuna shimo lililoipeleka pale, basi ama umekosea kuchimba ama kanuni ina kasoro. Dhana ya mjenzi mgeni haikuruhusu udongo uipinge. Ukikuta ukuta wa mawe, ni mgeni. Ukikuta chungu cha mwenyeji kando ya ukuta huo, ni chungu cha mtumishi wa mgeni. Jambo lisiloweza kushtakiwa na ushahidi wowote haliwezi kuwa msingi wa sayansi, hata likisemwa na msomi gani.

Na sasa fikirini juu ya hili, kwa sababu kwangu ndilo kiini cha mazungumzo ya leo. Ni Chittick huyo huyo aliyeandika kwa uaminifu alichokikuta chini kabisa. Chini ya misikiti na nyumba za mawe alikuta kijiji: alama za nyumba za miti na udongo, vyungu vilivyofinyangwa na wenyeji, taka za uhunzi wa chuma, mabaki ya samaki na kombe, na vyombo vichache kutoka ng'ambo. Tena vyungu vya wenyeji havikukoma mawe yalipoanza. Viliendelea, vikibadilika taratibu. Yeye alivisoma hivyo vyote kama utangulizi kabla ya wageni kufika. Lakini aliviandika tabaka kwa tabaka, na kwa hiyo waliokuja baada yake waliweza kuzifungua kurasa zake mwenyewe na kumwambia: mzee, ushahidi wako unasema mji huu ulikua kutoka chini. Uaminifu wake kwa kanuni uliishinda dhana yake. Angekuwa mchimbaji wa kuokoteza vitu vizuri tu, tusingekuwa na la kumjibu.

Kule Shanga, katika kisiwa cha Pate, Mark Horton alichimba katika miaka ya 1980 chini ya msikiti wa Ijumaa, akakuta msikiti chini ya msikiti. Wa chini kabisa ni mdogo, wa miti, wa karne ya 8. Juu yake mwingine, na mwingine, hadi kufika wa mawe. Tabaka kwa tabaka, jamii ileile ikipanua msikiti wake. Na Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika kazi yake ya mwaka 1994 na zilizofuata, alionyesha kwa vyungu kwamba watu waliokuwa wakifua chuma na kulima pwani ya Tanzania katika milenia ya kwanza ndio mizizi ya jamii hii. Hapo msingi ulibadilishwa, na mara msingi ulipobadilika, vitu vile vile vya Chittick vikaanza kusema maneno mengine.

Msiniambie basi kwamba tarihi ni uongo. Tuna mfano mzuri wa jinsi ushahidi unavyoweza kuzunguka. Tarihi inamweka Ali bin al-Hasan karne ya 10. Chittick, kwa kutazama sarafu zake zimeanza kuonekana katika tabaka gani, akamshusha hadi karibu mwaka 1200. Kisha mwaka 1984, Mtambwe Mkuu, Pemba, ikapatikana akiba ya sarafu zaidi ya elfu mbili za fedha, pamoja na dinari chache za dhahabu. Dinari hizo zina tarehe, na ya mwisho ni ya miaka ya 1060. Humo humo katika akiba ile zimo sarafu zenye jina la Ali bin al-Hasan. Akiba haifukiwi kabla sarafu zake hazijapigwa, na tarehe ya dinari ya mwisho inatuonyesha ilifukiwa zama zipi. Wataalamu wengi sasa wanamweka karne ya 11. Kosa halikuwa la kanuni ya tabaka. Tabaka hutoa mpangilio, halitoi mwaka, na sarafu ya shaba hukaa mikononi mwa watu muda mrefu baada ya sultani kufa. Kila kanuni ina mpaka wa kazi yake, na mchimbaji hana budi kuujua mpaka huo.

Dhana hiyo ya mji wa mawe ilikuwa na madhara mengine, ya kimyakimya zaidi: iliamua watu wachimbe wapi. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule anayehusishwa na kasri la Husuni Kubwa, mwenye sarafu iliyokuja kuokotwa hata Zimbabwe Kuu huko bara. Maandishi ya Ibn Battuta yaliyotufikia yanausifu mji kwa uzuri wake, na yanasema umejengwa kwa mbao. Wengi walitatizika. Mbao vipi, nasi tunayaona mawe? Lakini kama unaamini kwamba mji ni mawe, utachimba ndani ya kuta na kuacha uwanja wazi ulioko kando. Ni juzi tu, kuanzia mwaka 2009, kule Songo Mnara, kisiwa jirani na Kilwa, ambapo Stephanie Wynne-Jones na Jeffrey Fleisher walielekeza vipimo na miiko yao kwenye viwanja vilivyoonekana vitupu katikati ya magofu. Walikuta mabaki ya nyumba za miti na udongo, na dalili za kazi za kila siku zilizoachwa katika udongo wenyewe. Watu walikuwepo wakati wote. Hawakutafutwa.

Mwaka 2023 ukaja ushahidi wa aina nyingine kabisa. Katika jarida la Nature ulichapishwa utafiti wa vinasaba kutoka mifupa ya watu 80 waliozikwa katika miji ya pwani, Kilwa, Songo Mnara na Lindi zikiwemo, na mji mmoja wa bara. Chapurukha Kusimba, mwanaakiolojia kutoka Kenya, ni mmoja wa walioongoza kazi hiyo. Ilionekana kwamba wengi wao walikuwa na asili ya Afrika, hasa upande wa akina mama, na asili ya Asia, hasa ya Uajemi, upande wa akina baba, na kuchanganyika huko kulianza karibu mwaka 1000. Wapo walioshangilia kwamba tarihi imethibitishwa, Waajemi walijenga. Polepole, jamani. Vinasaba vinaeleza nani alizaa na nani. Havielezi nani alichagua mahali pa mji, nani alichoma chokaa, wala lugha ipi ilisemwa nyumbani. Na waliopimwa wengi walizikwa karibu na misikiti na makaburi ya heshima, wakati watu wa nyumba za udongo tumekwisha kuona jinsi wanavyosahaulika. Kutaka kujua mifupa hii imechaguliwaje nako ni kanuni ya msingi, na inamhusu mtaalamu wa maabara kama inavyomhusu mwenye mwiko.

Nimalizie na jambo la kutenda. Kila miaka michache inasikika sauti humu nchini ikidai mifupa ya Tendaguru irudishwe kutoka Berlin. Kuna hoja nzito pande zote, na leo sitaziamua. Nataka kuongeza dai moja ambalo sijalisikia likipewa uzito. Janensch, Hennig na wenzao waliacha madaftari na michoro ya uwandani: shimo lipi, tabaka gani, mfupa ulilala ukielekea wapi. Baadhi ya mifupa na kumbukumbu iliteketea katika Vita vya Pili vya Dunia, lakini mingi ya michoro ilibaki. Mwaka 1999, Wolf-Dieter Heinrich wa makumbusho yale aliichukua michoro hiyo na kuiuliza swali ambalo wachoraji hawakulimaliza: wanyama hawa walikufaje, na kwa nini wengi mahali pamoja? Miaka zaidi ya 80 ilikuwa imepita, mashimo yamejaa majani, na bado aliweza kufanya kazi, kwa kuwa kila mfupa ulikuwa umeandikwa mahali pake. Nakala za madaftari hayo, zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, zingeweza kuwekwa Makumbusho ya Taifa, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na pale Lindi mjini hata mwaka huu, bila kusubiri mfupa wowote upande meli. Wizara yenye dhamana ya mambo ya kale inaweza kuandika barua ya kuziomba, na mimi nasema iandike.